Sura ya Tano: Lori Kuukuu la Dizeli na Ubaridi wa Alfajiri

Katika ukanda unaoanzia Shinyanga mjini, ukapita Kahama na Kakola hadi Geita na Katoro, malori ya zamani ya dizeli hugoma kuwaka alfajiri zaidi katika kipupwe, yaani Juni, Julai na Agosti, kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na kwa sababu hiyo madereva na matajiri wao wamezoea kuilaumu baridi. Lawama hiyo ina ukweli mdogo tu. Halijoto ya alfajiri katika miezi hiyo hushuka hadi kukaribia nyuzijoto 15, kiwango ambacho watu wa Kanada au Ufini hukihesabu kuwa hali njema ya hewa. Huko baridi kali huifanya nta iliyomo ndani ya dizeli igande na kuziba filta, jambo ambalo dereva wa Kahama hana haja ya kulihofia. Injini ya dizeli iliyo nzima, hata ikiwa imetumika miaka 30, huwaka katika nyuzijoto 15 bila msaada mkubwa. Lori likigoma katika hali hiyo, ni dalili kwamba lilikuwa na ugonjwa tangu zamani, ulioletwa na joto la mchana, vumbi la barabara, mafuta machafu na namna lori lenyewe linavyotumiwa, na ubaridi wa alfajiri umeupa ugonjwa huo nafasi ya kuonekana. Kazi ya fundi ni kuutafuta kwa utaratibu badala ya kungoja jua lipande.

Utaratibu huo hauwezi kueleweka bila kujua dizeli huwakaje. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyeomba hataza ya wazo lake mwaka 1892 na ambaye injini yake ilifaulu majaribio huko Augsburg mwaka 1897, aliachana na cheche inayowasha mafuta katika injini ya petroli, akaitegemea hewa iliyogandamizwa. Yeyote aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua kwamba mwili wa pampu hupata moto, kwa kuwa hewa inayobanwa kwa haraka hupanda joto. Pistoni ya lori hufanya jambo hilohilo kwa nguvu kubwa zaidi: huibana hewa hadi ibaki takriban sehemu moja ya 17 ya ujazo wake wa awali, kisha nozeli hunyunyiza dizeli ndani ya hewa hiyo iliyopata moto, nayo dizeli hujiwasha yenyewe. Kama hakungekuwa na joto lolote linalopotea njiani, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzijoto 30 ingefika karibu nyuzijoto 670, na ile iliyoingia ikiwa na nyuzijoto 15 ingefika takriban 620, kwa hiyo kila nyuzi moja inayopungua hewa inapoingia hugeuka nyuzi tatu zinazopungua mwisho wa mgandamizo. Kwa kuwa dizeli huweza kujiwasha hata chini ya nyuzijoto 300, pengo hilo la nyuzi 50 lisingekuwa na madhara kama injini ingekuwa haipotezi kitu.

Lakini injini hupoteza. Hewa moto hugusa kuta baridi za silinda na kuziachia joto lake, sehemu yake huponyoka kupitia ringi za pistoni na valvu, na kadiri stata inavyozungusha injini polepole ndivyo hasara zote mbili zinavyopata muda wa kuongezeka. Ukanda wenyewe nao una upungufu wake wa asili: uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ardhi ya Geita, Kahama na Shinyanga iko katika kimo hicho au juu yake, kwa hiyo kanieneo ya hewa huku ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya nane ikilinganishwa na Dar es Salaam. Silinda ileile huvuta hewa pungufu, na mgandamizo unaoishia na shinikizo dogo huwasha mafuta kwa shida zaidi. Lori lililowaka bila matatizo bandarini Dar es Salaam laweza kufika Isaka na kuanza kusumbua asubuhi ya pili bila kuharibika chochote njiani, kwa sababu akiba ndogo ya afya iliyokuwa imebaki imeliwa na kimo.

Yafaa pia kuzingatia ni malori gani yanayozungumziwa. Migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu wa mwaka 2001, ina karakana zake na mitambo inayotunzwa kwa ratiba. Mzigo wa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na kwingineko hubebwa na Fuso na Isuzu zilizoingia nchini zikiwa zimekwisha kutumika, Scania za mfululizo wa 113, na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ ya silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Magari haya hubeba mawe kutoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, hadi kwenye karasha yanakosagwa, kisha hubeba marudio, ambayo ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja na bado una dhahabu, kutoka mwaloni, yaani mahali pa kuoshea, hadi kwenye mitambo ya kuchenjulia. Safari nyingi kati ya hizo ni fupi mno: injini huwashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku, alteneta haipati muda wa kuirudishia betri umeme uliotumika, kisha lori laweza kukaa siku kadhaa likisubiri mzigo. Ni vigumu kubuni matumizi yanayoidhoofisha betri ya dizeli kwa ufanisi zaidi ya hayo.

Fundi makini huanza kwa kutazama ekzosi wakati dereva anapiga stata, kabla ya kushika spana. Moshi mweupe unaochoma macho ni dizeli iliyofika ndani ya silinda ikageuka mvuke bila kuungua. Maana yake ni kwamba mafuta yapo na kinachokosekana ni joto, kwa hiyo uchunguzi uelekee kwenye kasi ya stata, hita na mgandamizo. Kama injini inazunguka kwa kasi nzuri na hakuna moshi wowote unaotoka, mafuta hayafiki, na tatizo liko mahali fulani kati ya tangi na nozeli. Weupe usiochoma macho, unaoendelea hata baada ya injini kushika na unaoambatana na kupungua kwa maji ya rejeta, huashiria kwamba maji yanaingia ndani ya silinda kupitia gasketi ya silinda hedi au ufa, na hapo injini isiendelee kuzungushwa ovyo, kwani maji hayagandamiziki na yanaweza kupinda fito inayoishika pistoni. Uchunguzi huu hauna gharama, nao hugawa matatizo yote katika makundi mawili au matatu. Inasikitisha kwamba magari mengi hufunguliwa pampu na nozeli kabla mtu hajazunguka nyuma kuangalia moshi.

Kundi la kwanza, na kubwa kuliko yote, ni umeme. Malori mengi hutumia volti 24 zinazotokana na betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, na kila betri iliyojaa, baada ya kupumzika usiku kucha, husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji yake, na ikisoma 12.0 inakaribia kuisha. Kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa betri iliyochoka huweza kusoma vizuri ikiwa haina kazi na kuporomoka mara inapodaiwa, hivyo mita iachwe kwenye nguzo za betri wakati stata inapigwa: betri moja ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, haifai tena kuamshia dizeli. Wengi hudhani baridi ndiyo inayoua betri. Baridi huipunguzia nguvu kwa muda tu, ilhali kinachoiua ni joto la Septemba na Oktoba, ambalo hukausha maji yake na kuharakisha ulikaji wa sahani za ndani, na betri iliyojeruhiwa Oktoba huvumilia hadi Juni inayofuata ndipo ikashindwa. Jeraha huongezeka maji yanapojazwa kutoka kisimani. Maji ya visima vingi vya Shinyanga yanajulikana kuwa na madini mengi, floridi ikiwamo, na betri huhitaji maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa ili madini yabaki nyuma.

Kosa jingine limeenea kiasi cha kuonekana kama desturi. Utingo anayetaka kuchaji simu au kupiga redio ya volti 12 huvuta waya kutoka kwenye betri moja kati ya zile mbili, na kuanzia siku hiyo betri hizo haziko sawa: ile iliyovutwa huishi na njaa, na ya pili, ambayo alteneta huijaza pamoja na mwenzake kana kwamba zote zina upungufu uleule, hushiba kupita kiasi na kuchemka. Tajiri anapobadilisha ile iliyokufa peke yake, betri mpya hufungwa pamoja na kongwe na kuharibika mapema. Betri za lori la volti 24 zinunuliwe kwa jozi, na redio itafutiwe kifaa cha kushushia volti.

Betri zikiwa nzima na stata ikaendelea kuzunguka kwa kusuasua, nyaya zitiliwe shaka kabla ya stata yenyewe. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye nguzo ya hasi ya betri na ya pili kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini, kisha stata hupigwa: mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea kati ya betri na injini, mara nyingi pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chesisi juu ya rangi, kutu na tope lililokauka. Kusugua mahali hapo kwa msasa na kukaza boliti ni kazi ya dakika chache, nayo imeokoa stata nyingi zilizokuwa njiani kwenda kubadilishwa kaboni. Oili nayo ina sehemu yake katika kasi ya stata. Oili ya daraja moja ya SAE 40, ambayo bado hununuliwa kwa ajili ya injini kuukuu kwa imani kwamba uzito wake hufunika uchakavu, huwa nzito alfajiri kuliko ile ya 15W-40, na mzigo huo wote huangukia betri.

Kundi la pili ni mafuta. Dizeli huvutwa kutoka kwenye tangi na pampu ndogo ya kuvutia, hupita kwenye filta, kisha huingia kwenye pampu kubwa inayoisukuma kwa shinikizo kali hadi kwenye nozeli. Upande wa kuvuta una tabia inayowapotosha watu: panapokuwa na ufa, dizeli haidondoki nje, bali hewa ndiyo inayoingia ndani, kwa hiyo hakuna doa la mafuta la kuonekana. Injini ikiwa inaunguruma, hewa hiyo kidogo hupita bila madhara. Lori likilala, hewa hupenya polepole, dizeli iliyokuwa ndani ya bomba hurejea tangini kwa uzito wake, na asubuhi pampu hukuta bomba tupu. Dalili yake ni pampu ya mkono iliyo juu ya filta kuwa laini kwa mapigo mengi kabla ya kukaza, na lori kuwaka vizuri mara tu baada ya kutolewa upepo. Dereva aliyezoea kutoa upepo kila asubuhi amezoea kuutuliza ugonjwa bila kuutibu.

Njia rahisi ya kuupata ufa huo ni kuondoa kipande cha bomba kati ya filta na pampu kubwa na kuweka mahali pake mpira mweupe unaopitisha nuru, kisha kuwasha injini na kutazama. Dizeli safi hupita kama maji matulivu ya rangi ya manjano. Mapovu madogo yanayopita mfululizo ni ushahidi kwamba hewa inaingia nyuma ya hapo, na mpira huo ukihamishwa hatua kwa hatua kuelekea tangini, mahali ambapo mapovu hutoweka hudhihirisha kiungo kibovu. Katika barabara za changarawe za Geita, ambazo mitetemo yake hulegeza kila nati, mkosaji mara nyingi huwa ni washa ya shaba iliyotumiwa mara nyingi kupita kiasi, mpira uliopasuka chini ya klipu yake, au pampu ya mkono yenyewe ambayo raba yake imekauka.

Mafuta yenyewe nayo yasisahauliwe. Katika vijiji vya machimbo vilivyo mbali na vituo, dizeli huuzwa kutoka kwenye mapipa na madumu, na pamoja nayo huja maji na mchanga. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulienea nchini kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha mwaka 2010 utaratibu wa kuweka kemikali maalumu ya utambuzi katika mafuta ili uchakachuaji ugundulike. Mafuta ya taa hayana ulainishaji wa dizeli, na kwa kuwa pampu na nozeli hulainishwa na mafuta yaleyale zinayosukuma, uchakachuaji hula vyuma vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa mno. Maji huzama hadi sehemu ya chini ya kichujio cha kuyatenganisha na dizeli, na kufungua skrubu yake ya chini alfajiri, kabla injini haijayatikisa, hutoa maji mengi kuliko kuifungua mchana.

Kundi la tatu ni vifaa vya kuongeza joto, na hapa fundi anapaswa kujua kwanza gari lina nini. Injini zenye chumba kidogo cha pembeni ambamo dizeli huanzia kuungua, kama 1HZ, hupoteza joto kwa kuta nyingi zaidi, ndiyo maana uwiano wake wa mgandamizo hupita 22 kwa 1 na bado kila silinda ina hita yake, ile plagi nyembamba ambayo ncha yake huwa nyekundu kwa umeme kabla ya stata kupigwa. Malori mengi makubwa hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni na hayana plagi hizo kabisa, au yana hita moja tu kwenye njia ya hewa, hivyo kutafuta hita plagi kwenye injini ya aina hiyo ni kupoteza asubuhi. Kupima hita hakuhitaji kifaa cha gharama: ukanda wa chuma unaoziunganisha huondolewa, kisha balbu iliyofungwa kwenye chanya ya betri huguswa kwenye kila plagi, na ile isiyowasha balbu imekatika. Katika nyuzijoto 15 injini nzima ya 1HZ huvumilia hita moja au mbili zilizokatika, ikipiga misi na kutoa moshi mweupe kwa sekunde chache. Ikihitaji zote sita ili iwake, mgandamizo umekwisha kushuka.

Pale vifaa hivyo vinaposhindwa, petroli huingia. Kitambaa kilicholowa petroli kikishikwa kwenye mdomo wa bomba la hewa huwasha injini nyingi zilizokufa, na mafanikio hayo ndiyo hatari yake. Mvuke wa petroli, tofauti na dizeli inayonyunyizwa kwa wakati wake, huingia pamoja na hewa na waweza kulipuka wakati pistoni bado inapanda, na mshindo huo huvunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi, kwa hiyo kila asubuhi ya petroli huifanya asubuhi inayofuata kuwa ngumu zaidi. Kwenye injini yenye hita moto, mvuke huo huwaka ndani ya bomba la hewa, mkono na uso wa utingo vikiwa hapohapo. Moto wa kuni unaowashwa chini ya sampu, yaani bakuli la oili, ni hatari ya wazi zaidi, hasa kwa lori ambalo tumbo lake limelowa dizeli. Kuegesha mteremkoni ili lori lijiwashe kwa kuserereka ni afadhali, ingawa breki za upepo na usukani wa haidroliki hazifanyi kazi ipasavyo injini ikiwa imezima, na mteremko wenye watu si mahali pa jaribio hilo.

Linabaki suala la mgandamizo, ambalo ndilo zito. Vumbi la ukanda huu si udongo mtupu. Karibu na makarasha lina unga wa mwamba wa kwatsi, madini magumu kuliko chuma cha silinda, na unga huo ukipenya filta ya hewa huchanganyika na oili ukawa msasa unaosaga ringi kila zinapopanda na kushuka. Injini iliyosagwa hupumua: kifuniko cha kujazia oili kikifunguliwa inapounguruma, mvuke hutoka kwa kusukumwa, kwa kuwa hewa iliyopaswa kubaki juu ya pistoni imeshukia chini. Kipimo cha uhakika ni geji inayofungwa mahali pa hita au nozeli, na tofauti kubwa kati ya silinda moja na nyingine hueleza mengi kuliko namba ya silinda moja. Hata hivyo, kabla injini haijahukumiwa, tapeti zipimwe kwa fila, yaani vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Valvu na viti vyake huchakaa kwa kuzama, nafasi ya tapeti ikapungua hadi valvu ikashindwa kufunga kikamilifu, na injini ya namna hiyo huonyesha mgandamizo mdogo kama ile yenye ringi zilizokwisha, ilhali dawa yake ni bisibisi, spana na saa chache za kazi. Hakuna hatua inayorukwa kwa urahisi zaidi ya hii, wala hakuna inayookoa fedha nyingi zaidi.

Pampu kubwa na nozeli zipelekwe kwa fundi pampu mwishoni kabisa, ingawa mazoea huzitanguliza. Pampu iliyochakaa ina saini yake: kwa kuwa dizeli ya moto ni nyepesi na huvuja kwa urahisi katika nafasi zilizopanuka, pampu hiyo kwa kawaida husumbua injini ikiwa moto, mathalani lori linapozimwa mchana kwenye mizani na kukataa kuwaka tena, ilhali alfajiri, dizeli ikiwa nzito, huwaka. Lori linalogoma alfajiri tu na kuwaka vizuri kutwa nzima halijatoa ushahidi wowote dhidi ya pampu yake.

Iwapo vipimo vyote vimeelekea kwenye ringi na silinda, injini haina budi kufunguliwa na kusukwa upya, na gharama yake ni kubwa kwa tajiri mwenye lori moja. Kabla ya kuifunga, bomba la hewa kati ya filta na injini livuliwe na kidole kipitishwe ndani yake, upande ule ambao hewa ilikuwa tayari imechujwa. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, filta haikai vizuri katika kiti chake au klipu ya mpira imelegea, mara nyingi upande wa chini usioonekana, na ringi mpya zitasagwa kwa vumbi lilelile kabla ya kipupwe kingine kufika. Mpira huo ubadilishwe, klipu zikazwe, na filta iliyopigwapigwa kwenye tairi ili kutoa vumbi, ambayo karatasi yake huchanika kwa mapigo hayo, itupwe.